Nyama za puani kwa watoto: Dawa ya kupuliza yaweza kumwepusha mtoto na upasuaji?

WAZAZI wengi hulitambua tatizo hili usiku. Mtoto wa miaka minne au mitano, amelala chali, kinywa wazi, hukoroma kama mtu mzima aliyechoka na kazi. Ghafla mkoromo hukatika. Kifua kinapanda na kushuka, lakini hewa haisikiki ikipita. Baada ya sekunde kadhaa mtoto hushtuka, hugeuka, huvuta pumzi kwa nguvu, kisha mkoromo huanza upya. Mama anayekaa kando ya kitanda akizihesabu sekunde hizo hadi alfajiri hahitaji kuelezwa na mtu kwamba hapo pana jambo lisilo la kawaida.

Kunapokucha huanza safari ya kutafuta tiba. Muuza duka la dawa humpa matone ya kuzibua pua. Jirani humshauri ampeleke mtoto kwa fundi akakatwe kimeo. Daktari wa zahanati humwambia kuwa mtoto ana "nyama za puani" na kwamba huenda akahitaji kufanyiwa upasuaji. Katikati ya ushauri huo unaopingana, baadhi ya wazazi hutoka hospitalini na chupa ndogo ya dawa ya kupuliza puani, wakiwa wameambiwa kuwa ina steroidi.

Neno hilo steroidi huwatia hofu wengi. Je, dawa hiyo ni salama kwa mtoto? Inafanya kazi kweli? Na je, inaweza kuchukua nafasi ya upasuaji, au ni kuchelewesha tu jambo ambalo halikwepeki?

Nyama hizo ni nini?

Kinachoitwa na wengi nyama za puani kwa watoto ni tezi ambazo kitaalamu hujulikana kama adenoidi. Tezi hizo hazimo ndani ya tundu za pua. Zipo nyuma kabisa ya pua, mahali ambapo njia ya hewa inakunja kuteremka kooni, juu ya kaakaa laini. Ndiyo maana mzazi anayemulika puani au kinywani mwa mtoto kwa tochi hawezi kuziona.

Adenoidi ni sehemu ya kinga ya mwili. Pamoja na tezi za koo, ambazo wengi huzifahamu kwa jina la mafindofindo au tonsesi, hufanya mduara wa walinzi kwenye lango la hewa na chakula. Vijidudu vinavyoingia kwa pumzi hukutana na chembechembe za kinga zilizomo humo, nazo hujifunza kuvitambua na kuandaa mapambano. Kazi hiyo ni kubwa zaidi katika miaka ya mwanzo ya maisha, wakati mwili wa mtoto unapokutana na vijidudu vingi kwa mara ya kwanza.

Kila mtoto huzaliwa na tezi hizo. Hukua katika miaka ya mwanzo, huwa kubwa zaidi kati ya miaka mitatu na saba hivi, kisha huanza kusinyaa. Kufikia ujana huwa zimepungua sana, na kwa watu wazima wengi hazionekani kabisa. Kwa hiyo kuwa na adenoidi si ugonjwa. Ugonjwa huja pale zinapovimba kupita kiasi na kuziba njia ya hewa, hasa kwa kuwa mtoto wa umri huo ana njia nyembamba.

Mtu wa kwanza kuueleza kwa kina ugonjwa huu alikuwa daktari wa Denmark, Wilhelm Meyer, aliyechapisha maelezo yake mwaka 1868 mjini Copenhagen. Alibaini kuwa baadhi ya wagonjwa waliokuwa hawasikii vizuri na wenye sauti iliyobana walikuwa na uvimbe nyuma ya pua ambao hakuna aliyekuwa akiuangalia. Tangu wakati huo, na kwa zaidi ya miaka mia moja, jibu la madaktari lilikuwa moja tu: kuukata.

Dalili za kuangalia

Dalili ya kwanza ni mtoto kupumua kwa kinywa, usiku na mchana, hata asipokuwa na mafua. Hukoroma usiku mwingi, hulala bila utulivu, hutokwa na jasho, na wengine hulala wakiwa wameinua kichwa au kukikunja nyuma ili hewa ipite. Sauti yake husikika kama ya mtu aliyebana pua, kiasi kwamba neno "mama" hukaribia kusikika kama "baba".

Wapo watoto ambao hupumua kwa kukatikakatika wakiwa usingizini. Kila hewa inapokatika, ubongo hulazimika kumwamsha mtoto kidogo ili avute pumzi. Matokeo yake hulala saa nyingi lakini hapumziki. Tofauti na mtu mzima ambaye angesinzia mchana, mtoto wa namna hiyo mara nyingi huwa mkorofi, asiyetulia, mwenye hasira za haraka na asiyezingatia masomo. Wengine ambao walikwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena.

Madhara mengine hujitokeza polepole. Mrija unaounganisha sikio la kati na sehemu ya nyuma ya pua unapozibwa, majimaji mazito hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio na mtoto huanza kusikia kwa shida. Mwalimu humwita mara tatu asiitike, akadhaniwa ni mkaidi. Mtoto aliyepumua kwa kinywa kwa miaka mingi anaweza kuwa na uso mrefu, kaakaa lililoinuka na meno yaliyobanana. Kwa wachache ambao hali yao ni mbaya sana na haikutibiwa, ukosefu wa oksijeni wa kila usiku unaweza kupandisha shinikizo katika mishipa ya mapafu na hatimaye kuuchosha moyo.

Si kila pua iliyoziba ni adenoidi

Jina nyama za puani hutumika mitaani kwa mambo kadhaa tofauti, na mkanganyiko huo una gharama. Kuna vinundu vya nyama vilivyo ndani ya tundu za pua ambavyo kila binadamu anavyo na ambavyo huvimba kutokana na mzio. Kuna vivimbe laini vinavyoota puani, ambavyo ni nadra kwa watoto wadogo. Na kuna adenoidi. Kila kimoja kina tiba yake.

Zipo ishara zinazopaswa kumzuia mzazi asikubali haraka kuwa tatizo ni adenoidi. Mtoto mdogo anayetokwa na usaha wenye harufu mbaya katika tundu moja tu la pua ana uwezekano mkubwa wa kuwa ameingiza kitu humo, iwe punje ya harage, shanga au kipande cha sifongo. Betri ndogo ya mviringo ikikwama puani ni dharura, kwa sababu huchoma nyama ndani ya saa chache. Kijana wa kiume aliyefikia umri wa kubalehe ambaye pua yake imeziba upande mmoja na hutoka damu mara kwa mara anahitaji uchunguzi wa haraka, kwani huenda ana uvimbe wenye mishipa mingi ya damu. Kwa mtu mzima ambaye adenoidi zimevimba ukubwani, madaktari hutafuta sababu nyingine, yakiwamo maambukizi ya virusi vya Ukimwi na saratani.

Daktari bingwa wa masikio, pua na koo huthibitisha ukubwa wa adenoidi kwa kuingiza puani kamera nyembamba inayopinda, au kwa picha ya eksirei ya shingo inayopigwa kutoka upande. Kamera huonyesha vizuri zaidi na haina mionzi, lakini huhitaji mtoto atulie. Pale ambapo kuna shaka juu ya ukali wa kukatika kwa pumzi, kipimo bora ni kumlaza mtoto usiku mzima akiwa ameunganishwa na mashine zinazopima pumzi, oksijeni na usingizi wake. Kipimo hicho hakipatikani kwa urahisi Afrika Mashariki. Kwa sababu hiyo video fupi iliyorekodiwa na mzazi kwa simu, ikionyesha mtoto akiwa usingizini, kifua kikiwa wazi na sauti ikisikika, humsaidia sana daktari.

Dawa hufanyaje kazi?

Steroidi zinazopulizwa puani ni jamii ya homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza katika tezi zilizo juu ya figo. Hazihusiani na zile steroidi za kujaza misuli zinazotajwa katika kashfa za wanamichezo. Kazi yake ni kutuliza uvimbe. Zikifika kwenye nyama iliyovimba, huingia ndani ya chembechembe na kuzima uzalishaji wa kemikali zinazoita uvimbe, ute na chembe za kinga. Uchunguzi wa maabara uliofanywa kwa tezi zilizotolewa kwa upasuaji umeonyesha pia kuwa dawa hizo hupunguza kasi ya kuzaliana kwa chembechembe za adenoidi zenyewe.

Zinazotumika zaidi ni mometasoni, flutikasoni na budesonidi. Mbili za kwanza zina sifa muhimu: sehemu kubwa ya dawa inayomezwa baada ya kuteremka kooni huharibiwa na ini kabla ya kuenea mwilini. Kiasi kinachofikia damu ni kidogo mno, chini ya asilimia mbili ya kilichopulizwa. Budesonidi huingia katika damu kwa kiwango cha juu kidogo, lakini nayo imetumika kwa muda mrefu na imo katika orodha ya dawa muhimu kwa watoto ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa kawaida mtoto hupuliziwa mara moja kwa siku katika kila tundu. Kwa mometasoni, kila mnyunyizo huwa na mikrogramu 50, hivyo mtoto hupata mikrogramu 100 kwa siku. Chupa yenye minyunyizo 140 inaweza basi kudumu siku 70 hivi, jambo ambalo mzazi anapaswa kulijua anapopiga hesabu ya gharama. Dawa nyingi kati ya hizo ziliidhinishwa kwa ajili ya mafua ya mzio, na madaktari huzitumia kwa adenoidi kwa kuzingatia tafiti zilizofuata. Umri wa chini unaoruhusiwa hutofautiana kati ya dawa na dawa, kuanzia miaka miwili hadi sita, na huandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi.

Dawa hii haifanyi kazi kwa siku moja. Mzazi anayepuliza usiku wa leo akitarajia mtoto asikorome kesho atakata tamaa na kuiacha. Madaktari wengi huomba wiki sita hadi nane za matumizi ya kila siku kabla ya kuamua kama inasaidia au la.

Tafiti zinasema nini?

Mwaka 1995 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti mdogo wa watoto 17 waliotumia beklometasoni, na ukaonyesha kuwa adenoidi zao zilipungua ukubwa na dalili zikapungua pia. Mwaka 2001 watafiti wa Montreal, Canada, waliwajaribu watoto 25 waliokuwa na tatizo la kukatika kwa pumzi usingizini kwa wiki sita. Waliopewa flutikasoni walipungukiwa na idadi ya mara ambazo hewa ilikatika kwa saa, kutoka takriban 11 hadi takriban 6. Waliopewa dawa isiyo na kiini hawakupata nafuu hiyo. Nchini Italia, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwahusisha watoto 60, na wengi wa waliotumia mometasoni kwa siku 40 waliona adenoidi zikipungua. Mwaka uliofuata, utafiti wa Marekani wa watoto 62 ulionyesha kuwa nafuu iliyopatikana kwa wiki sita za budesonidi ilidumu kwa wiki nane baada ya dawa kusimamishwa, kwa wale waliokuwa na tatizo la kiwango kidogo.

Mwaka huohuo wa 2008, jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti, lilipitia majaribio matano yenye jumla ya watoto 349. Manne yalionyesha kuwa dawa husaidia, moja halikuona tofauti. Hata hivyo, jopo lilitahadharisha kuwa tafiti hizo zilikuwa ndogo na za muda mfupi, na kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuhusu kinachotokea baada ya miaka kadhaa.

Picha hiyo ilibadilika kiasi mwaka 2023. Watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya jaribio kubwa zaidi la watoto 276 wenye umri wa miaka mitatu hadi 12 waliokuwa wakikoroma na kupumua kwa shida usingizini. Nusu walipuliziwa mometasoni na nusu maji ya chumvi kwa wiki sita, bila wazazi wala madaktari kujua nani anapewa nini. Dalili ziliisha kwa asilimia 44 ya waliotumia steroidi. Kwa waliotumia maji ya chumvi ziliisha kwa asilimia 41. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha kuhesabiwa kuwa haipo.

Matokeo hayo yanaweza kusomwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kwamba steroidi haikuwa na ubora wa ziada kwa watoto wa kundi hilo, ambao walichaguliwa kwa sababu ya dalili na si kwa kupimwa ukubwa wa adenoidi. Ya pili, ambayo ni habari njema kwa mzazi, ni kwamba watoto wapatao wanne kati ya kila kumi walipata nafuu kwa jambo rahisi na la gharama ndogo kama kuosha pua kila siku kwa maji ya chumvi. Lakini kwa kuwa hapakuwa na kundi la watoto ambao hawakupewa chochote, haiwezekani kusema ni wangapi kati yao wangepona wenyewe kwa kadiri siku zilivyopita.

Kwa kuziweka tafiti zote pamoja, hitimisho la busara ni hili: kwa mtoto mwenye dalili za kiwango kidogo au cha kati, hasa mwenye mafua ya mzio, kujaribu tiba ya pua kwa wiki kadhaa kabla ya kufikiria upasuaji kuna mantiki. Kuanza na maji ya chumvi si kupoteza muda. Kwa mtoto ambaye hali yake ni mbaya, dawa ya kupuliza haitoshi.

Masikio ni habari nyingine

Wazazi wengine hupewa dawa hii kwa matumaini kwamba itakausha majimaji yaliyo nyuma ya ngoma ya sikio. Ushahidi hauungi mkono matumaini hayo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la BMJ, uliowahusisha watoto 217 wa miaka minne hadi 11, uligundua kuwa mometasoni iliyotumiwa kwa miezi mitatu haikuwa na faida kuliko dawa isiyo na kiini kwa majimaji hayo. Mtoto asiyesikia vizuri anahitaji kupimwa usikivu na kufuatiliwa. Kupuliziwa dawa puani mwezi baada ya mwezi huku masomo yakimpita si tiba.

Je, ni salama?

Madhara yanayotokea mara kwa mara ni madogo: pua kuwasha, kukauka, kupiga chafya na kutoka damu kidogo. Damu hiyo mara nyingi husababishwa na kupuliza dawa moja kwa moja kwenye ukuta unaotenganisha tundu mbili za pua, na hupungua mzazi anapofundishwa namna sahihi.

Hofu kubwa zaidi ni juu ya kimo cha mtoto. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa zote za jamii hii ziwe na onyo kwamba zinaweza kupunguza kasi ya ukuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa watoto waliotumia beklometasoni mara mbili kwa siku kwa mwaka mzima walirefuka kwa sentimeta 5.0, wakati wenzao waliotumia dawa isiyo na kiini walirefuka kwa sentimeta 5.9. Katika mwaka huohuo, utafiti mwingine wa mwaka mmoja uliofanywa kwa mometasoni haukuona upungufu wa namna hiyo. Somo lililopatikana ni kuchagua dawa isiyoingia sana katika damu, kutumia kiwango cha chini kinachofanya kazi, kutoitumia kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, na kumpima mtoto kimo kila anaporudi kliniki.

Hatari iliyo kubwa zaidi katika miji ya Afrika Mashariki ni kuchanganya dawa. Matone yenye betametasoni au deksametasoni, ambayo mara nyingi huuzwa kwa ajili ya macho, masikio na pua kwa pamoja, nayo ni steroidi, lakini huingia katika damu kwa wingi zaidi. Mtoto anayetiwa matone hayo kwa miezi mingi bila usimamizi anaweza kuvimba uso, kunenepa, kudumaa na tezi zake za juu ya figo zikaacha kufanya kazi ipasavyo. Mtoto ambaye tayari anatumia steroidi nyingine kwa ajili ya pumu au ugonjwa wa ngozi anapaswa kutajwa hivyo kwa daktari ili kiwango chote kijumlishwe.

Aidha, matone ya kuzibua pua kama zailometazolini na oksimetazolini si steroidi kabisa. Yenyewe hubana mishipa ya damu na pua hufunguka ndani ya dakika chache, jambo linalowafurahisha wazazi. Lakini yakitumika zaidi ya siku chache, pua huzoea na kuziba zaidi kila yanapokosekana. Hayapunguzi adenoidi.

Dawa nyingine inayoandikwa mara nyingi pamoja na ile ya kupuliza ni vidonge vya montelukasti. Wazazi wanapaswa kufahamu kuwa Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo zito kutokana na taarifa za mabadiliko ya tabia na hisia, zikiwamo ndoto za kutisha, ghadhabu na mawazo ya kujidhuru. Mtoto anayebadilika tabia baada ya kuianza arudishwe kwa daktari mapema.

Namna ya kuipuliza

Dawa nzuri iliyopulizwa vibaya ni fedha iliyomwagwa. Kwanza mtoto apenge kamasi au asafishwe pua kwa maji ya chumvi. Chupa itikiswe. Mtoto akae wima na kuinamisha kichwa mbele kidogo. Asiinuliwe uso juu, kwa sababu dawa itateremka moja kwa moja kooni. Ncha ya chupa iingizwe kidogo na kuelekezwa upande wa nje, kuelekea sikio, mbali na ukuta wa katikati. Njia rahisi ni kutumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na mkono wa kushoto kwa tundu la kulia. Mtoto avute pumzi taratibu, kama anayenusa ua, si kwa nguvu.

Chupa mpya hubonyezwa mara kadhaa hewani hadi itoe mvuke laini. Ncha ifutwe kila baada ya matumizi, na chupa isitumiwe na mtoto zaidi ya mmoja. Maji ya chumvi yanunuliwe duka la dawa yakiwa tayari, au yatengenezwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Maji ya bombani yasiyochemshwa hayafai kuingizwa puani.

Lini upasuaji hauepukiki?

Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Watoto wa Marekani wa mwaka 2012 ulitaja upasuaji wa kuondoa adenoidi na tezi za koo kuwa tiba ya kwanza kwa mtoto ambaye pumzi hukatika usingizini kutokana na tezi hizo kuvimba. Dawa ya kupuliza ilitajwa kuwa inaweza kufikiriwa kwa tatizo la kiwango kidogo, au pale ambapo upasuaji hauwezekani.

Faida ya upasuaji ilipimwa katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, uliowagawa watoto 464 wa miaka mitano hadi tisa katika makundi mawili. Baada ya miezi saba, vipimo vya usingizi vilikuwa vimerejea katika hali ya kawaida kwa asilimia 79 ya waliofanyiwa upasuaji. Kwa walioangaliwa tu, vilikuwa hivyo kwa asilimia 46. Tabia na maisha ya kila siku vilikuwa bora zaidi kwa waliofanyiwa upasuaji, ingawa katika vipimo vya umakini makundi hayo hayakutofautiana. Takwimu hizo zina mafunzo mawili: upasuaji husaidia, na karibu nusu ya watoto ambao hali yao haikuwa mbaya sana walipata nafuu bila kisu.

Upasuaji wenyewe hufanywa chini ya dawa ya usingizi. Kuondoa adenoidi peke yake huchukua muda mfupi na watoto wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au inayofuata. Hatari zake ni kutoka damu, madhara ya dawa ya usingizi na, kwa wachache, sauti au maji kupitia puani. Watoto waliofanyiwa wakiwa wadogo sana huweza kuota tena adenoidi. Nchini Tanzania huduma ya wataalamu wa masikio, pua na koo inapatikana katika hospitali kubwa kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza.

Mtoto asisubiri wiki sita za dawa ikiwa midomo hubadilika rangi usiku, ikiwa hakui wala kuongezeka uzito, ikiwa kifua hubonyea kila anapovuta hewa au ikiwa ana usingizi mzito mchana usio wa kawaida. Huyo apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Kimeo hakina hatia

Jambo la mwisho ni lile la jirani. Kimeo, yaani kile kinyama kinachoning'inia mwishoni mwa kaakaa, kimelaumiwa kwa miaka mingi kwa kikohozi, kutapika na hata kukoroma kwa watoto. Hakina uhusiano wowote na adenoidi, na kukikata hakufungui njia iliyozibwa nyuma ya pua. Kinyume chake, watoto waliokatwa kwa visu visivyo safi wamefikishwa hospitalini wakivuja damu, wakiwa na pepopunda au maambukizi mengine, na wengine hawakufika. Vivyo hivyo, kumdondoshea mtoto puani maji ya kitunguu, mafuta au majani yaliyopondwa huchoma ngozi laini ya pua na kuweza kuingia mapafuni.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini katika ugonjwa huu, anayekimbilia kisu na anayekikimbia moja kwa moja wote huweza kukosea. Umri utazisinyaza adenoidi za watoto wengi. Swali ambalo mzazi na daktari wanapaswa kulijibu pamoja ni kama mtoto huyu anaweza kuufikia umri huo akiwa analala, anasikia na anakua vizuri. Kama anaweza, maji ya chumvi na chupa ndogo ya dawa vinatosha kumvusha. Kama hawezi, chupa hiyo isigeuzwe kisingizio cha kumchelewesha.

Mzazi anayekwenda kliniki abebe mambo manne: video ya usiku, orodha ya dawa zote alizokwisha kumtumia mtoto, kadi yenye uzito na kimo chake, na maoni ya mwalimu kuhusu usikivu na utulivu wake darasani. Hayo yatamsaidia daktari kuamua kama mtoto aanze na dawa ya kupuliza au aelekezwe moja kwa moja kwa daktari wa upasuaji.